Nyufa Kuukuu Katika Kioo cha Mbele cha Gari: Je, Zaweza Kuzibwa?

Kokoto yenye uzito wa gramu 5 haimtishi mtu aionapo njiani. Lakini gari liendalo kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa likipishana na lori lenye mwendo huo huo, kokoto iliyorushwa na gurudumu la lori yaweza kukutana na kioo cha mbele cha gari kwa mwendo unaokaribia kilometa 160 kwa saa. Nishati ya mwendo wake wakati huo ni karibu juli 5, sawa na nishati ya jiwe la nusu kilo lililoanguka kutoka kimo cha meta moja. Nishati hiyo yote hutua mahali padogo kuliko punje ya mchele.

Madereva wa barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Mikumi, Iringa na Mbeya hadi mpakani mwa Zambia, na hasa wale wa barabara za changarawe zinazoungana nayo, wanaujua vyema mlio mkali wa kokoto kiooni. Dereva hushtuka, huona alama ndogo isiyozidi sarafu, kisha huendelea na safari yake kwa kuwa kioo hakikuvunjika. Wiki hupita, na miezi pia. Maji ya mvua huingia katika alama ile, vumbi jekundu huingia, na sabuni ya kuoshea gari huingia. Asubuhi moja dereva hukuta mstari mrefu umekikatiza kioo toka upande mmoja hadi wa pili, ingawa gari lilikuwa limeegeshwa usiku kucha. Au hukimbilia kwa fundi kabla hayo hayajatokea, akiuliza kama jeraha hilo la zamani, lililokwisha jaa uchafu, laweza kutengenezwa.

Jibu la swali hilo halipatikani kwa kutazama tu. Hutegemea jinsi kioo kilivyoundwa, jinsi ufa unavyokua, na jinsi maji na uchafu vinavyojificha mahali pembamba kuliko unywele.

Kioo chenye matabaka matatu

Kioo cha mbele si bamba moja. Ni mabamba mawili ya kioo, kila moja likiwa na unene wa takriban milimeta 2, yaliyogandamana na utando wa plastiki ulio kati yao. Plastiki hiyo huitwa polivinili butirali, na unene wake aghalabu ni milimeta 0.76. Asili ya wazo hili ni mkemia Mfaransa Édouard Bénédictus, ambaye mwaka 1903 aliangusha chupa ya maabara akaona kwamba imepasuka bila kutawanyika, kwa sababu ndani yake mlikuwa na utando wa selulosi uliobaki baada ya dawa kukauka. Mwaka 1909 alipata hataza ya kioo cha matabaka. Kazi ya utando huo ni kuvizuia vipande vya kioo visimrukie abiria, na kumzuia abiria asirushwe nje.

Vioo vya milangoni kwa kawaida ni vya aina nyingine. Hivyo hukazwa kwa kupashwa moto sana na kupozwa ghafla, na vikipata jeraha la kutosha huporomoka vyote kwa pamoja kuwa vipande vidogo mfano wa punje za mahindi. Hakuna ufundi wa kuviziba. Kioo cha mbele ndicho chenye bahati hiyo, kwa kuwa jiwe kwa kawaida hujeruhi bamba la nje tu, na utando pamoja na bamba la ndani hubaki salama.

Mnamo mwaka 1882 Heinrich Hertz, mwanafizikia Mjerumani, alitoa hesabu za migandamizo itokeayo pale vitu viwili vya mviringo vinapokutana. Mtu akikigonga kioo kwa kitu kigumu chenye umbo la mpira, ufa huanza kama duara kuzunguka mahali palipogongwa, kisha hushuka ukipanuka kama pia iliyopinduliwa. Ndiyo maana majeraha mengi ya kioo cha gari yana umbo la duara. Mengine huwa na nyufa nyembamba zitokazo katikati kama miale ya nyota. Haya ya nyota ndiyo ya hatari zaidi, kwa sababu ncha ya kila mwale ni mlango wa ufa mrefu.

Kwa nini ufa hukua gari likiwa limesimama

Mwaka 1913 Mwingereza C. E. Inglis alionyesha kwa hesabu kwamba tundu katika bamba hukusanya mkazo kwenye ncha zake. Tundu lenye umbo la yai, ambalo urefu wake ni mara 10 ya upana wake, likivutwa kwa kulikingama, mkazo kwenye ncha zake huwa mara 21 ya mkazo wa bamba zima. Ufa ni tundu refu mno lenye ncha kali mno, kwa hiyo mkazo wa nchani hupita kiasi hicho kwa mbali. Katika makala iliyochapishwa mwaka 1921, A. A. Griffith, mhandisi aliyefanya kazi Farnborough, Uingereza, alieleza kuwa udhaifu wa kioo hautokani na kioo chenyewe bali na nyufa ndogo zilizomo. Nyuzi zake nyembamba kabisa za kioo zilistahimili mkazo ulio karibu mara 20 ya ule uliokivunja kioo cha kawaida.

Maelezo hayo yaonyesha kwa nini ufa ni hatari. Kwa nini unatembea polepole, usiku, bila kuguswa, ni habari ya maji. Kioo cha kawaida huundwa kwa mchanga, chokaa na magadi, kama yale yachimbwayo katika Ziwa Magadi nchini Kenya. Uti wa mgongo wake ni mnyororo wa atomi za silikoni na oksijeni. Kwenye ncha ya ufa viungo vya mnyororo huo huwa vimevutwa hadi karibu na kukatika. Molekuli ya maji ikifika hapo, hujipachika katika kiungo kilichokazwa na kukigawa: atomi ya silikoni ya upande huu hupata kundi lake la oksijeni na haidrojeni, na ya upande ule vivyo hivyo. Kiungo hukatika, ufa husogea hatua moja, na molekuli nyingine huja kushika zamu. Mwaka 1967 S. M. Wiederhorn wa Marekani alipima mwendo wa nyufa katika kioo na kuthibitisha kwamba kadiri mvuke wa maji unavyozidi hewani, ndivyo ufa unavyokwenda mbio.

Joto huongeza mkazo. Gari lililoanikwa juani mchana kutwa likimwagiwa maji ya baridi, uso wa nje wa kioo hutaka kusinyaa hali sehemu ya ndani bado ina joto. Tofauti ya nyuzi 40 za Selsiasi yaweza kuzaa mkazo wa takriban megapaskali 25, ikiwa kioo kimezuiwa kusinyaa. Kioo kizima aghalabu hustahimili mkazo huo. Chenye jeraha huenda kisistahimili.

Maji hutoka, uchafu hubaki

Utambi wa koroboi hufyonza mafuta ya taa bila pampu yoyote, kwa sababu kimiminika huvutwa na kuta za njia nyembamba. Ufa hufanya vivyo hivyo. Kadiri nafasi kati ya kuta mbili inavyokuwa nyembamba, ndivyo mvuto unavyozidi. Katika ufa wenye upana wa sehemu moja ya kumi ya milimeta, maji hushikwa kwa kanieneo ya karibu kilopaskali 1.4 tu, na pampu ndogo yaweza kuyaondoa. Lakini ncha za ufa huwa nyembamba zaidi. Mahali penye upana wa mikrometa moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimeta, kanieneo hiyo hufikia takriban kilopaskali 144.

Hapo ndipo lilipo fundisho ambalo mafundi wengi hulipata kwa shida. Kanieneo ya angahewa kwenye usawa wa bahari ni kilopaskali 101, na mjini Iringa, palipo na mwinuko wa meta 1,600 hivi, ni karibu kilopaskali 83 tu. Pampu ya ombwe haina nguvu yake yenyewe ya kuvuta. Huondoa kanieneo ya angahewa, basi. Kwa hiyo hata pampu iliyo kamilifu kabisa haiwezi kuyanyonya maji yaliyojificha nchani mwa ufa. Maji hayo hayana budi kugeuzwa kuwa mvuke. Kwa bahati njema, maji huchemka kwa joto dogo pale kanieneo inapopunguzwa: kwa kilopaskali 7.4 huchemka katika nyuzi 40 za Selsiasi. Joto la wastani, ombwe na subira huyatoa maji.

Uchafu hautoki kwa njia hiyo. Birika la chai lichemkalo kila siku hutoa mvuke, lakini chokaa iliyokuwamo majini hubaki kama ukoko chini. Ufa uliolowa na kukauka mara nyingi ni birika dogo. Kila mvua na kila kuoshwa huleta chumvi, udongo, mafuta ya barabarani, nta ya kung'arishia gari na sabuni. Maji yakiondoka, vyote hivyo hubaki, na mzigo huongezeka. Tena, maji yakaayo muda mrefu hunyonya sodiamu kutoka katika kioo chenyewe, na kuta za ufa hupoteza upya wake.

Uchafu huo hudhuru kwa njia tatu. Kwanza, chembe za vumbi huziba njia, gundi isifike nchani. Pili, nta na mafuta hubadili tabia ya kuta: kama vile matone ya maji yabingirikavyo juu ya jani la magimbi bila kulilowesha, gundi nayo hukataa kutambaa juu ya kioo chenye mafuta. Tatu, tabaka la sabuni au udongo huitenga gundi na kioo, hata ikikauka haina inachokishika. Rangi nyekundu ya udongo, ambayo ni oksidi ya chuma, hubaki ikionekana ndani ya gundi mithili ya mdudu ndani ya kaharabu.

Kwa nini gundi hulifanya jeraha lisionekane

Jeraha huonekana kwa sababu ya hewa iliyomo. Nuru ipitapo kutoka kitu kimoja kwenda kingine hupinda, na sehemu yake huakisiwa. Kipimo cha kupinda nuru cha kioo ni karibu 1.52, na cha hewa ni 1.00. Tofauti hiyo husababisha kila ukuta wa ufa uakisi takriban asilimia 4 ya nuru iuangukiayo wima. Nuru iliyo ndani ya kioo ikiufikia ukuta huo kwa pembe inayozidi nyuzi 41, huakisiwa yote. Jua la jioni linapokuwa mbele ya dereva, ufa huwaka kama moto, na mtu avukaye barabara upande wa pili wa mwako huo huenda asionekane.

Gundi itumikayo, iitwayo resini, huchaguliwa ili kipimo chake kikaribie kile cha kioo. Ikiwa ni 1.49, uakisi hushuka hadi sehemu moja katika elfu kumi. Ufa haujaondoka, nuru tu haipati tena sababu ya kugeuka. Ndiyo sababu weupe unaobaki baada ya kazi ni ushahidi kwamba mahali hapo resini haikufika.

Kazi ya fundi hatua kwa hatua

Ufundi wa kuziba majeraha kwa resini ulianza kuenea Marekani katika miaka ya 1970. Jeraha jipya na kavu ni kazi fupi. Jeraha kuukuu lahitaji maandalizi marefu kuliko kazi yenyewe.

Fundi huanza kwa kuchunguza kwa kurunzi na kioo cha kukuzia, gari likiwa kivulini. Huondoa kwa sindano punje za kioo na udongo zilizo katika kishimo. Kishimo kikiwa kimezibika, hukifungua kwa keekee nyembamba, akitoboa bamba la nje tu na kukoma kabla ya kuufikia utando. Kisha hupasha kioo joto taratibu kwa upande wa ndani, kiasi cha mkono kuweza kuvumilia, na kutumia pampu ya ombwe ili unyevu utoke. Halafu hungoja kioo kipoe.

Suala la kuosha ufa kwa dawa lataka uangalifu. Spiriti au asetoni huyeyusha nta na mafuta, na hukauka upesi. Lakini spiriti huweza pia kuidhuru polivinili butirali. Ufa uliofika kwenye utando ukijazwa dawa hizo kwa wingi, plastiki yaweza kuvimba na kuacha kushikana na kioo. Isitoshe, dawa isiyotolewa yote huusukuma uchafu mbele hadi nchani, mahali ambapo hautatoka tena. Fundi mwenye busara hutumia tone, hulitoa kwa pampu, hutazama, kisha hurudia ikibidi.

Baada ya hapo kifaa cha kuingizia resini hukazwa juu ya kishimo. Hewa huondolewa kwa ombwe, kisha resini husukumwa kwa mgandamizo, na zamu hizo mbili hurudiwa. Resini nyepesi hutumika kwa nyufa nyembamba, na nzito kwa kishimo cha juu. Inapokuwa imefika kila mahali, humulikwa mionzi ya urujuanimno. Mionzi hiyo huamsha kemikali iliyochanganywa katika resini, na molekuli ndogo zilizokuwa huru hujiunga kama shanga katika uzi, zikawa polima ngumu. Mwangaza sharti utoke nje ya gari, kwa kuwa utando wa plastiki huzuia sehemu kubwa ya mionzi hiyo. Jua la nchi zetu laweza kuifanya kazi hiyo hiyo, na ndiyo sababu resini isianikwe juani kabla haijafika nchani. Mwisho, kishimo hukwanguliwa kwa wembe na kung'arishwa.

Mipaka ya kuziba

Jeraha kuukuu likishughulikiwa vizuri, huweza kupata tena sehemu ya nguvu zake, na ncha zake zikazuiwa kusonga mbele. Usafi wa kuonekana haurudi wote, na mwenye gari aelezwe hivyo kabla ya kazi kuanza. Haifai kuziba pale ambapo bamba la ndani nalo limepasuka, pale utando ulipogeuka mweupe kama maziwa kwa kunyonya unyevu, wala pale ufa ulipokwisha fika ukingoni mwa kioo.

Mahali palipo mbele ya macho ya dereva hutazamwa kwa ukali zaidi. Katika ukaguzi wa magari nchini Uingereza, jeraha linalozidi milimeta 10 katika ukanda wenye upana wa milimeta 290 mbele ya usukani hulifanya gari likataliwe. Mahali pengine panapopanguswa na waipa, kipimo hicho ni milimeta 40. Kwa jeraha chafu lililo katika ukanda wa dereva, hata likiwa dogo, kubadili kioo kizima ni salama kuliko kuacha doa la kudumu mahali anapotafuta watoto wavukao barabara.

Kwa upande mwingine, kioo kisibadiliwe bila sababu. Kila meta moja ya mraba ya kioo cha mabamba mawili ya milimeta 2 ina takriban kilo 10 za kioo, kilichoyeyushwa kwa moto mkali na pengine kusafirishwa kutoka ng'ambo. Kioo hicho kikishagandamana na plastiki, ni vigumu kukiyeyusha upya bila kwanza kuvitenganisha viwili hivyo.

Jaribio la darasani

Walimu wa fizikia wanaweza kuyaonyesha mambo haya kwa vipande viwili bapa vya kioo vitumiwavyo katika hadubini. Vipande vioshwe kwa sabuni, visuuzwe vizuri na kukaushwa. Viwekwe pamoja, unywele mmoja ukiwa kati yao upande mmoja tu, kisha vifungwe kwa uzi. Ncha zao za chini zitumbukizwe katika maji yenye rangi. Maji yatapanda juu zaidi upande ule vipande vinapogusana, na kupungua kuelekea upande wa unywele. Mstari wa maji utakuwa wa kupinda. Wanafunzi wapime kimo cha maji na umbali kutoka upande unaogusana, wachore grafu, na waeleze uhusiano wake.

Kisha vipande hivyo vikaushwe, vipakwe nta ya mshumaa kidogo sana kwa ndani, na jaribio lirudiwe. Maji yatasita au hayatapanda kabisa. Darasa litakuwa limeona kwa macho yake kile kinachomshinda fundi katika ufa wenye nta.

Sekunde chache za mwanzo

Katika yote yaliyoelezwa, kinga iliyo bora ni rahisi kuliko tiba yoyote. Mara baada ya kokoto kugonga, dereva asimamishe gari mahali salama, akipanguse kioo kwa kitambaa kikavu, na kubandika juu ya jeraha kipande cha selotepu angavu, nje ya eneo la macho yake ikiwezekana. Kama jeraha liko mbele yake hasa, asisubiri kumwona fundi. Asilijaze gundi ya kawaida ya dukani, maana fundi hataweza kuitoa. Asimwagie kioo maji ya baridi kikiwa na joto, na asikioshe kwa sabuni kabla jeraha halijazibwa. Kipande cha selotepu hakiponyi ufa, lakini huyazuia maji ya kwanza na vumbi la kwanza. Fundi atakapolifungua jeraha hilo siku tatu baadaye, atakuta hewa tu ndani yake, na hewa ndiyo kitu pekee ambacho pampu yake yaweza kukitoa bila kubakiza kitu.